Usaili wa vyuo vya Marekani: mpe msaili kitu cha kuandika

Mwaliko wa usaili huwa mfupi, na mara nyingi hautoki kwenye anwani ya chuo. Unatoka kwa mtu binafsi, mhitimu wa chuo hicho anayeishi Nairobi, Dar es Salaam, London au Boston, ambaye anajitambulisha kwa sentensi mbili na kukuuliza una nafasi lini. Kwa kuwa anwani yake ni ngeni, ujumbe huishia kwa urahisi kwenye barua taka. Wapo wanaouona baada ya wiki mbili, wakati msaili ameshaarifu chuo kwamba mwombaji hakujibu. Basi tangu siku unayotuma maombi, fungua kikasha pamoja na folda ya barua taka kila siku, hata kama ni kwa simu ya kuazima. Walioomba mapema, ambao kwa vyuo vingi mwisho wao ni tarehe 1 Novemba, huitwa Novemba hiyo hiyo. Walioomba kwa utaratibu wa kawaida, unaofungwa siku za mwanzo za Januari, huitwa Januari au Februari.

Harvard, Yale, Princeton, MIT na Georgetown ni kati ya vyuo vinavyotumia wahitimu wao kwa kazi hii. Ni watu wa kujitolea, wenye ajira zao, na hawalipwi na chuo wala na mwombaji. Akitokea mtu anayedai ada ya usaili, au anayekuambia utume chochote kwenye namba ya simu ili upangiwe tarehe, huyo ni tapeli. Ukikutana na msaili ana kwa ana, iwe mahali penye watu: mgahawa, maktaba, ofisi wakati wa kazi. Vyuo vingi siku hizi havitaki mazungumzo haya yafanyike nyumbani kwa mtu, na mzazi ana haki ya kujua uko wapi na nani.

Si kila chuo kinasaili. Columbia iliacha mwaka 2023. Brown inakuruhusu kutuma video fupi ya kujitambulisha, isiyozidi sekunde 90, badala ya kukaa na mhitimu. Na hata kwenye vyuo vinavyosaili, waombaji ni wengi kuliko wahitimu, hasa kwetu huku. Usipoitwa, usikae ukijihesabu kwamba umeshakataliwa. Vyuo vyenyewe vinasema wazi kuwa asiyepangiwa msaili hapunguziwi kitu.

Mwaliko ukifika, jibu ndani ya saa 24. Shukuru, taja nyakati tatu ambazo una nafasi, weka namba yako ya simu, basi. Hapa kuna mtego unaowanasa watu wenye akili zao: saa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, Boston, New York na Washington wako nyuma yetu kwa saa 8. Kipindi kingine chote ni saa 7. Halafu kuna kugeuza mara ya pili, kutoka saa ya kizungu kwenda saa yetu. Msaili wa Boston akikuandikia Desemba kwamba mkutane 10:00 asubuhi yake, kwetu ni 18:00, yaani saa 12 jioni. Akisema 19:00 yake, kwetu ni 03:00, saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake, na una haki ya kuomba muda mwingine kwa heshima. Ukiambiwa chagua wewe, kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku za kwetu panamfaa mtu wa mashariki ya Marekani, maana kwake ni kuanzia 9:00 asubuhi hadi 13:00 mchana. Katika kujibu andika saa kwa mtindo wa 24, taja kwamba ni saa za Afrika Mashariki, na weka saa ya kwake pembeni. Ukikosea, atakiona kosa na kulisahihisha kabla ya siku yenyewe.

Sasa tuingie kwenye kiini. Msaili huyu haamui. Anaandika. Baada ya kuzungumza nawe kwa dakika 30 hadi 60, anarudi kwake na kukaa mbele ya fomu tupu ya ofisi ya udahili, ambayo kwa namna moja au nyingine inamuuliza: kijana huyu anawaza vipi, anajali nini, ataishije na wenzake darasani na bwenini? Katika kesi ambayo Harvard ilishtakiwa kwa ubaguzi katika udahili, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, nyaraka zilizowekwa hadharani zilionyesha kwamba wasaili wahitimu hutoa pia alama, ikiwemo ya haiba na ya jumla. Lakini alama bila maelezo haimwambii mtu wa udahili kitu kipya. Kinachobeba uzito ni ile mistari anayoandika. Na katika vyuo vingi msaili hana matokeo yako wala insha zako; amepewa jina, shule na mawasiliano tu. Kumwambia "kama nilivyoeleza kwenye insha yangu" ni kumfungia mlango. Mweleze upya.

Kwa hiyo ukimpa maneno kama "mimi ni mchapakazi, napenda kusaidia jamii, nina ndoto ya kuendeleza nchi yangu", ataandika hayo hayo, na ofisi ya udahili itakuwa na mamia ya taarifa zenye sentensi hizo. Kazi yako ni kumwachia mambo mawili matatu ambayo hawezi kuyaandika kuhusu mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo malezi yetu yanapotupa taabu. Mtoto aliyelelewa vizuri, akiulizwa na mkubwa, hujibu alichoulizwa, kwa ufupi, macho chini, wala hajisifu. Msaili anauliza, "Unapenda somo gani?" Jibu: "Hisabati." Kimya. "Kwa nini?" "Kwa sababu ni somo zuri." Dakika 15 zimepita, maswali yamekwisha, na fomu bado tupu. Msaili anaona mtu asiye na hamu, kumbe kijana alikuwa anaonyesha adabu. Hili linawaangusha vijana wetu wengi kuliko Kiingereza chenyewe, na linauma zaidi kwa sababu wanaoangushwa ni wale wapole wenye mambo mengi ya kusema. Wengine huchanganya usaili huu na ule wa viza, wameangalia video za watu walioenda dirishani ubalozini na kushauriwa wajibu kwa maneno machache. Kwa viza ushauri huo una maana. Hapa unakuharibia.

Kueleza ulichofanya si kujisifu. Kujisifu ni kusema wewe ni kiongozi mzuri. Kueleza ni kusema kwamba maji yalipokatika bwenini ulipanga zamu za kubeba ndoo, nani alikataa, ulimfuata vipi, na kama zamu zilidumu au zilivunjika. Yeye ndiye ataandika neno "kiongozi". Na uache kujificha nyuma ya "sisi". "Tulianzisha klabu ya mazingira" haimwambii kama wewe ulichimba mashimo, uliandika barua kwa mkuu wa shule, au ulihudhuria tu. Sema la wenzako, kisha sema la kwako.

Wiki moja kabla, chukua daftari na uandike matukio matano au sita ya maisha yako. Usiandike majibu kamili, maana utayakariri. Kwa kila tukio andika maneno machache: mahali, tatizo, ulichofanya, kilichokwama, unachofikiri sasa. Yasiwe yote ya vyeti na mashindano. Tuchukue kijana anayemsaidia mama mdogo kwenye kibanda cha wakala wa M-Pesa karibu na gulio. Kila siku ya gulio kibanda kinakwama: asubuhi watu wanatoa hela wakanunue bidhaa, taslimu inaisha, wateja wanahamia kwa wakala mwingine. Jioni wafanyabiashara wanaweka mauzo yao, sasa floti, yaani salio la wakala kwenye simu, ndiyo inaisha na taslimu imejaa mtoto wa meza. Kijana anaanza kuandika kwenye daftari kila muamala na saa yake. Baada ya magulio kadhaa anaona kwamba hela iliyotoka asubuhi inarudi yenyewe jioni, na floti iliyoingia asubuhi ndiyo inayotumika jioni. Hivyo kinachotakiwa ni kuanza siku na taslimu nyingi na floti kidogo, bila kukimbilia benki mchana. Mama mdogo anakataa kwanza, anaogopa kulala na taslimu nyingi ndani. Wanakubaliana kufanya nusu. Hicho ndicho msaili anakitafuta: jicho la kijana, hesabu zake, na namna alivyosikiliza hofu ya mtu mzima. Simulizi kama hiyo huchukua dakika mbili, na inajibu maswali mengi, liwe la changamoto, la somo unalolipenda au la kitu ulichojifunza nje ya darasa.

Liandae kwa makini swali hili: "Tangu umalize shule unafanya nini?" Kalenda yetu haifanani na ya Marekani. Tanzania kidato cha sita humaliza mtihani mwezi Mei, wengine wanakwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kenya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huisha Novemba. Usaili unakukuta nyumbani, na wengi hujibu, "Niko tu." Hakuna aliye tu. Unafundisha watoto wa jirani tuisheni, unakaa dukani, unachunga, unamuuguza bibi, unajifunza kuandika programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sema hilo, na useme siku yako inakwendaje.

Swali la pili la kulifanyia kazi ni kwa nini unakitaka chuo hicho. "Ni chuo bora duniani" halifai, anajua. Soma tovuti ya chuo hadi upate vitu viwili vinavyogusa tukio mojawapo katika daftari lako. MIT wana mpango uitwao UROP, tangu mwaka 1969, unaowaruhusu wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti na maprofesa, na muhula wa kwanza kabisa somo ulilofeli haliandikwi kwenye rekodi inayoonyeshwa nje ya chuo. Princeton karibu kila mwanafunzi huandika tasnifu mwaka wa mwisho. Yale imewagawa wanafunzi katika makazi 14, na unabaki mwanachama wa makazi yako hadi unahitimu. Kijana wa kibanda cha M-Pesa akiuliza kama UROP ina watu wanaochunguza namna hela inavyozunguka vijijini, msaili anashika kalamu.

Kuhusu shida za nyumbani, tuseme ukweli. Vijana wengi huamini kwamba bila kusimulia msiba au njaa hawatasaidiwa. Simulia ikiwa ni sehemu ya safari yako na una nguvu ya kuisema bila kuvunjika mbele ya mgeni. Lakini simulizi ikiishia kwenye machozi, msaili hana la kuandika ila huruma. Mfikishe kwenye ulichofanya ndani ya hiyo shida. Una ruhusa pia ya kuacha mambo mengine moyoni. Na suala la ada usimpelekee yeye, hana uwezo wowote juu yake. Harvard, Yale, Princeton na MIT haziangalii uwezo wa kulipa wakati wa kumchagua mwombaji, hata wa kutoka nje ya Marekani. Vyuo vingine vingi huangalia. Maswali ya hela yana ofisi yake.

Kufanya mazoezi ni kusema kwa sauti, si kusoma daftari kimya. Jirekodi kwa simu ukisimulia tukio moja kwa dakika mbili, kisha sikiliza. Utasikia unapokimbia, unapomeza maneno, unaporudia "actually" kila sentensi. Kisha tafuta mtu mzima usiyemzoea, mwalimu wa somo jingine au muuguzi wa zahanati, akuulize kwa Kiingereza bila kukuonyesha maswali. Mara tatu au nne zinatosha. Ukizidisha unakuwa kaseti, na msaili hulisikia jibu la kukariri tangu sentensi ya kwanza. Lafudhi haimsumbui mtu. Kasi ndiyo inayosumbua, basi punguza. Usipoelewa swali, omba arudie; usilolijua, sema hulijui kisha fikiri kwa sauti. Kama kuna ofisi ya EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, unayoweza kuifikia, kama zilizopo kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi, ushauri wao haulipiwi. Kenya wapo pia KenSAP, mpango unaowaandaa wanafunzi kwa vyuo hivi tangu 2004, ila hao huchagua wanafunzi wao wenyewe.

Mkikutana ana kwa ana, vaa nguo safi ulizozizoea. Suti ya kuazima inayobana mabega itakufanya uwaze mabega. Dar es Salaam, anayetoka Mbagala kwenda Posta asubuhi ajipe saa mbili, na mvua za vuli zikiwa zimeanza, aongeze. Fika dakika 10 kabla. Mzazi akikusindikiza, akae meza nyingine au arudi baadaye. Hulazimiki kununua kahawa ya bei ya chakula cha siku nzima: maji yanatosha, na msaili akitaka kukulipia, pokea na ushukuru. Akiwa Mtanzania au Mkenya aliyekuzidi umri, mwamkie kama unavyomwamkia mkubwa yeyote, kisha fuata lugha atakayoichagua. Akikuambia umwite kwa jina lake la kwanza, mwite.

Wengi lakini watafanyia mtandaoni, na hapo mambo madogo ndiyo yanayoumiza. Saa moja ya Zoom yenye picha hula karibu GB 1, basi weka bando la GB 2, na laini ya mtandao mwingine kwenye simu ya ndugu tayari kwa kuwasha hotspot. Sasisha programu siku moja kabla, na uangalie jina linaloonekana. Usiingie ukiitwa kwa jina la shemeji mwenye simu. Panga vitabu mezani hadi kamera ifike usawa wa macho yako. Dirisha liwe mbele yako, si nyuma, la sivyo uso utakuwa kivuli. Usiku weka taa nyuma ya simu. Tumia spika za masikioni zenye maiki. Nyumba ya bati isiyo na dari haifai wakati wa mvua: matone yakianza, msaili hasikii neno. Omba ofisi ya mwalimu, chumba cha kanisa au msikiti, au nyumba ya jirani yenye dari. Kwenye intaneti kafe kuna kelele na mgongoni kwako watu wanapita. Tazama kamera unapozungumza, maana macho yakishuka chini kwa adabu, yeye ataona mtu anayesoma karatasi.

Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, si aibu yako. Mwambie mapema, kwenye barua ya kuthibitisha: mtandao hapa unaweza kukatika, ikitokea nitarudi kwa kiungo hicho hicho, au nipigie WhatsApp kwa namba hii. Akaunti ya Zoom isiyolipiwa hukata baada ya dakika 40; ikitokea katikati ya sentensi yako, bonyeza kiungo upya na uendelee ulipoishia.

Mwishoni atakuuliza kama una maswali. Kusema huna ni kupoteza dakika 10 nzuri kuliko zote. Usimuulize yaliyo kwenye tovuti, wala nafasi yako ya kukubaliwa. Muulize yeye: somo gani lilimbadilisha mawazo, mwaka wa kwanza alipata taabu wapi, wanafunzi wanagombana kuhusu nini, angekuwa mimi angejiunga na nini. Sikiliza jibu, kisha uliza swali linalotokana nalo. Hapo mazungumzo huwa ya watu wawili, na taarifa nyingi nzuri huzaliwa kwenye dakika hizo.

Ndani ya saa 24 mwandikie shukrani, sentensi nne au tano, ukitaja jambo moja mliloongea. Usitume zawadi, usimkumbushe akutetee kwa chuo. Kisha inaanza ile sehemu ngumu, ya kurudia kila jibu kichwani usiku. Utakumbuka ulivyokwama kwenye swali la tatu, utaona umeharibu yote. Usaili una uzito mdogo kuliko matokeo, insha na barua za walimu, na Harvard, kwa mfano, katika miaka ya karibuni imekuwa ikikubali waombaji karibu 4 tu kati ya kila 100. Wapo wanaotoka kwenye usaili mzuri kabisa wakakataliwa. Mwambie mama na baba hilo mapema, kabla habari hazijafika kwa majirani, na endelea na maombi ya vyuo vya nyumbani na mikopo yake kama vile usaili haukuwepo.

Majibu ya walioomba mapema hutoka katikati ya Desemba, ya kawaida mwishoni mwa Machi. MIT wamezoea kutoa tarehe 14 Machi. Ukiahirishwa kutoka kundi la mapema kwenda la kawaida, taarifa ya msaili hubaki kwenye faili lako, huhitaji kumsumbua tena. Majibu yakitoka, mwandikie mstari mmoja, yawe ya namna gani. Na ukikubaliwa muulize ya kuhamia, kwa sababu yeye ameyaishi: bwenini unaletewa godoro na shuka au godoro tu, likizo ya Desemba mabweni yanafungwa au la, na koti la baridi linunuliwe wapi. Wengi watakuambia ulinunue huko huko, Septemba, kabla baridi haijashuka.